Mlango Usiolegea kwa Amri

Ninyi mlioanza uhudumu wa wodi mwaka huu, matroni ameniomba niwaambie kidogo kuhusu kazi. Nilimjibu kwamba mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Nitaandika, yeye atawasomea. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkisikia sentensi inachechemea, iacheni ichechemee. Naandika ninavyosema.

Nilifanya kazi ya uhudumu hapa Kasulu zaidi ya miaka thelathini. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa chumba cha mwisho cha korido, kile chenye pazia la kijani, wanapopimwa watu wenye bawasiri. Hakuna mhudumu aliyekitaka. Wenzangu walikimbilia wodi ya wazazi, kwa sababu kule mtoto akizaliwa salama mama anaweza kumpa jina lako. Mimi hakuna mtu aliyempa mtoto wake jina langu kwa kuwa nilimshika bega akipimwa bawasiri. Haidhuru.

Najua mnacheka. Chekeni sasa mmalize, maana nyuma ya lile pazia hakuna kucheka.

Mwili wenyewe muuelewe kwanza. Pale kwenye njia ya haja kubwa pana misuli miwili, mmoja ndani ya mwingine, kama bangili mbili. Ule wa nje unautawala wewe. Ukiwa kwenye basi la Kigoma na tumbo limechafuka, ndio huo unaoubana mpaka dereva asimame. Wa ndani hausikilizi mtu. Unabana wenyewe, umelala au umeamka, unalima au unasali, na hujui kama unabana. Nguvu ya kubana huko ndiyo madaktari wanaita presha ya msuli. Presha ya mkononi mnaijua. Hii ni presha ya huko.

Daktari mzee niliyefanya naye kazi miaka mingi, mtu wa mkoa mwingine, mrefu, asiyependa maneno, alikuwa akisema wengi wenye bawasiri msuli wao wa ndani unabana kupita wa watu wengine. Damu inakwama pale, vinyama vinavimba, vinatoka nje, vinavuja damu. Daktari mwingine alipita baadaye akasema huenda ni kinyume, vinyama ndivyo vinavyofanya msuli ubane. Mimi sikuwaamulia. Nilichoshika ni kwamba wote wawili walisema "wengi". Hawakusema "wote". Neno hilo lishikeni, mbele mtaona kwa nini.

Daktari mzee hakuwa na mashine. Alipima kwa kidole. Anavaa glavu, anapaka mafuta, anaingiza kidole cha shahada, anatulia. Halafu anasema, kaza. Halafu anasema, acha. Kwa kidole hicho alikuwa anajua nani msuli wake umebana kama mdomo wa gunia lililofungwa kwa kamba, na nani umelegea kama soksi ya zamani. Niliwahi kumwuliza alijifunza wapi. Akasema kwa kukosea.

Kazi zangu zilikuwa tatu. Kumlaza mgonjwa ubavu wa kushoto na magoti kifuani. Kumfunika, ili kinachoonekana kiwe kile tu kinachohitajika. Na kuwa mdomo wa daktari, kwa sababu yeye Kiha hakukijua, na mama zetu wengi wa vijijini Kiswahili kinawatoka kwa shida, hasa wakiwa wamevuliwa nguo.

Makosa nilifanya. Wiki ya kwanza niliosha lile bomba la chuma la kutazamia ndani kwa maji ya bomba, asubuhi ya mwezi wa sita, na mnajua baridi ya huku. Nikampa daktari. Mgonjwa alikuwa askari mgambo, mtu wa kifua, aliyeingia akituambia yeye haogopi kitu. Chuma kilipomgusa aliruka kitandani akasimama upande wa pili akiwa na shati tu. Daktari mzee hakunigombeza. Alichukua bomba lile akanigusisha nalo shingoni. Tangu siku hiyo kila chombo na kila chupa ya mafuta nilivitia kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kitu cha baridi kinaufanya msuli ubane, na hapo mnapima baridi, hampimi ugonjwa.

Kosa la pili lilikuwa la mdomo. Nilikuwa nasema, "Legea. Legea baba. Nimesema legea." Kadiri nilivyosema ndivyo mtu alivyobana. Katekista mmoja wa kijiji cha Kitanga, ambaye siku nzima alikuwa anatuambia ugonjwa wake ni wa mgongo, alibana mpaka daktari akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie anirudishie kidole changu, kesho nina zamu." Niliposema hivyo kwa Kiha yule katekista akacheka, na alipocheka, kidole kikapona.

Hapo nikajifunza. Mlango ule haulegei kwa amri. Unalegea mwenye mwili anaposahau kwamba upo. Nikaacha kuamrisha. Nikawa nauliza maharage mwaka huu yametoka vipi, mihogo imeingiwa na ule ugonjwa wa majani au bado, ng'ombe wa jirani waliofanya uharibifu kesi yake imefikia wapi. Mtu anaanza kusimulia, anakasirikia ng'ombe wa jirani, pumzi inatoka, na daktari ananipa ishara kwa jicho kwamba sasa anapima kitu cha kweli. Mkitaka kujua mhudumu mzuri wa chumba kile, si mwenye mkono laini. Ni anayejua habari za mashamba.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo matroni hakuliomba.

Binti yangu Restituta aliolewa Heru Juu. Mama aliyemzaa mume wake ni mwanamke wa makamo yangu, mrefu kunizidi, muuza unga wa muhogo, mwimbaji wa kwaya sauti ya kwanza. Kwetu mama wa mume na mama wa mke wanaitana mkwe, na kati yao pana heshima kuliko unavyomheshimu padri. Mkikutana njiani mnasimama, mnainama, mnapiga viganja taratibu, mnaulizana habari za watu wote na mifugo yote, na kila jibu ni salama. Hata kama nyumba imeungua jana, jibu la kwanza ni salama. Mambo ya mwili hayatajwi. Mambo ya chini ya kiuno ndiyo kabisa. Mkwe akija kwako hata chooni anaenda kwa kuzunguka nyuma ya nyumba ili usimwone anakokwenda.

Mwaka ambao Restituta alikuwa na mimba ya kwanza, nilifungua pazia la kijani kumwita mgonjwa anayefuata nikamkuta mkwe kwenye benchi. Alikuwa anatokwa damu kila akienda haja. Alikuwa hajui kwamba nafanya kazi chumba kile, alidhani niko wodi ya wazazi, maana ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu.

Tulisalimiana. Viganja, kuinama, mihogo, mbuzi, salama, salama. Halafu nikamlaza.

Ningeweza kwenda kumwita mhudumu mwingine. Sikwenda. Niliona nikitoka nitakuwa nimemwonyesha kwamba najua kilichomleta. Kwa hiyo nilisimama kichwani kwake kama kwa wagonjwa wote, nikaangalia ukutani, yeye akaangalia ukuta mwingine.

Daktari mzee akauliza maswali yake ya kawaida, akaniambia nimwulize: je, kuna mtoto aliyemchana wakati wa kujifungua? Je, upepo au choo kinamtoka bila yeye kutaka?

Jibu nilikuwa nalijua. Heru Juu nzima ilikuwa inajua. Mtoto wake wa kwanza alikuwa mkubwa, alizaliwa nyumbani baada ya siku mbili, na mama alilala miezi miwili bila kutembea. Na mtoto huyo ndiye mume wa Restituta. Mnaelewa? Daktari alikuwa ananiambia nimwulize mkwe wangu, uso kwa uso, mkwe wetu wa kiume alipita wapi na alivunja nini. Mimi huyo kijana hata jina lake silitaji mpaka leo.

Nikasema kwa Kiha, kwa sauti ya heshima, kwamba daktari anamsalimu na anauliza kama uzazi wake ulikuwa salama.

Akajibu ulikuwa salama.

Nikamgeukia daktari. "Anasema salama. Hana shida hiyo."

Daktari akaingiza kidole. Nilimwona anakunja uso. Akasema msuli umebana sana huu, hajaona uliobana hivi mwezi mzima. Na kweli ulikuwa umebana. Mwanamke aliyelazwa uchi mbele ya mkwe wake anabana kila kitu, meno, ngumi, makalio, mpaka vidole vya miguu. Nilikuwa nimejifunza habari za beseni la maji ya uvuguvugu, nilikuwa nimejifunza habari za mashamba, lakini mbele ya mkwe habari za mashamba zinajibiwa salama, haziendi mbali. Haukuwa ugonjwa uliombana. Nilikuwa mimi.

Miaka ile, mwenye bawasiri aliyebana sana alikuwa anapanuliwa. Anapewa dawa ya usingizi, daktari anaingiza vidole vya mikono yote miwili, anavuta pande zote, taratibu, dakika kadhaa, mpaka msuli uchoke na ukubali. Kwenye usingizi msuli wa kila mtu hulegea, kwa hiyo hata pale mezani hakuna kilichomshtua daktari. Alimpanua. Damu ilikoma, maumivu yakapungua. Mkwe alituletea mkungu wa ndizi. Daktari mzee aliridhika, mimi nikaridhika.

Miezi michache baadaye tulibatiza mtoto wa Restituta, msichana. Mkwe hakuimba kwaya. Alisimama nje ya kanisa karibu na ukuta, ibada nzima. Nyumbani alikaa mlangoni kabisa, juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne, na kabla ya chakula aliinuka mara mbili. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nilimkuta anafua kitenge kile kwenye ndoo ndogo. Yeye aliniona. Mimi niligeuza uso nikajifanya natafuta kuni.

Hapo nilijua. Msuli ule ulikuwa umechanika tangu uzazi, uliobaki ulikuwa unashikilia kwa taabu, na sisi tukauvuta. Hata kilichobana siku ile hakikubana tena.

Nilinyamaza. Aliacha kwaya. Aliacha mikutano ya akina mama. Watu wakasema anaringa tangu mwanawe apate kazi ya ualimu. Kila shughuli alikaa mlangoni, na kila shughuli aliondoka wa kwanza. Soko hakuliacha, kwa sababu sokoni muuza unga anasimama. Tuliendelea kusalimiana, viganja, kuinama, salama. Mjukuu wetu akatambaa, akatembea, akasoma, akamaliza kidato cha nne, mimi nimenyamaza.

Daktari mzee mwenyewe aliacha kupanua watu kabla hajastaafu. Walikuwa wamerudi wengine, si mmoja wala wawili. Siku moja akiosha mikono aliniambia, "Mama Resti, kuna watu niliowafungua ambao siwezi kuwafunga." Ilikuwa nafasi ya kumwambia kwamba mmoja wao nilimfungua mimi. Nikampa taulo.

Mbinu zilibadilika. Ikaja ya kufunga kinyama kwa kipete kidogo cha mpira, kinyama kinakosa damu, kinakauka, kinadondoka chenyewe, msuli hauguswi. Tukaanza kuwaambia watu mambo ambayo bibi yeyote angewaambia: kunywa maji, ugali usiende bila mboga za majani, usikamue kwa nguvu, usikae chooni na simu. Hilo la simu ni lenu. Na kukalia karai la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, jioni.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Daktari Rehema, binti mdogo, mkali kidogo, alinifaa. Alileta kifaa alichokiunga mwenyewe: mrija mwembamba wenye puto dogo mwishoni, umeunganishwa na saa ya mashine ya presha. Puto linaingia ndani, msuli unalibana, sindano ya saa inapanda. Nilimwambia Rehema kwamba daktari mzee alikuwa anatumia kidole tu. Akasema kidole chake ni kizuri lakini alistaafu nacho.

Mwaka huohuo mjukuu wetu alichumbiwa. Mume wa Restituta alikuwa amehamishiwa Kibondo, na sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ingekuwa huko. Kwenye ukoo wao bibi mzaa baba ndiye anayekaa mkekani na binti tangu wageni wa bwana harusi wanaingia mpaka wanatoka. Haamki. Akiamka katikati, upande wa pili wanahesabu kwamba binti hakutolewa kwa moyo.

Restituta akanipigia simu. Mama mkwe wake alikuwa amesema haendi, safari ya basi hawezi, malaria. Wakati huo huo alikuwa anatokwa damu tena, na hilo Restituta alilijua alipopita Heru Juu akaona ndoo ya kufulia, hakuambiwa. Mwanawe amekasirika, anasema mama yake anamdharau mchumba. Binti mwenyewe analia, anasema bibi asipokaa naye yeye hatoki. "Mama," Restituta akasema, "wewe ni wa hospitali. Ongea naye."

Nilikwenda Heru Juu kwa miguu. Nilimkuta anatwanga. Tulisalimiana yote. Halafu nikamwambia kuna daktari mpya, mwanamke, na nitakwenda naye. Akafunga unga. Bodaboda aliikataa, tukatembea mpaka mjini, yeye mbele, mimi nyuma.

Nilimlaza. Ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Vyombo vilikuwa kwenye maji ya uvuguvugu. Daktari Rehema akaingiza puto, tukaangalia saa. Sindano ikapanda, ikakaa huko juu.

"Umebana kweli," akasema daktari. "Vinyama ni vikubwa, itabidi tuvikate, na nikiwa hapo nitapunguza na msuli kidogo upumue."

Lilikuwa jambo lile lile. Chumba kile kile, mwanamke yule yule, mimi nimesimama kichwani kwake. Akikatwa msuli uliobaki, hapatakuwa na mkeka wa Kibondo wala mkeka wa popote, mpaka anakufa.

Nikasema, "Daktari, usiamini hiyo saa mimi nikiwa hapa."

Akauliza kwa nini.

Nikamwambia. Kwa Kiswahili, ili mkwe asielewe yote, ndivyo nilivyofikiri. Nikasema huyu ni mkwe wangu, mtoto wake wa kwanza alimchana, alipanuliwa hapa na daktari aliyetangulia, na siku ile niliambiwa nimwulize nikauliza kitu kingine. Nikasema tangu siku ile choo hakimsikii.

Mkwe alikuwa ameangalia ukuta. Akasema, bila kugeuka, kwa Kiswahili kisafi cha sokoni:

"Swali la yule daktari nililisikia. Kiswahili nakijua, nauza unga Kasulu tangu sijaolewa. Lakini wewe uliniuliza kama ni salama. Mkwe wangu ananiuliza salama, mimi nijibu nini?"

Daktari Rehema alituangalia mmoja mmoja, kama mwalimu aliyekuta watoto wawili wamevunja dirisha moja.

"Mama Resti," akasema, "toka nje."

Nikatoka. Kwenye korido alikuwepo Ansila, mfanyausafi, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na yeye ni raia wa hapa. Lugha yake na Kiha zinasikilizana. Hakuwa ndugu wa mtu yeyote Heru Juu. Nikampa aproni yangu nikamwambia aingie, amfunike vizuri, asimwambie alegee, amwulize habari za muhogo.

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilisikia Ansila anauliza. Nilisikia mkwe anaanza kusimulia habari za mashine ya kusaga inayochanganya unga wake na wa watu wengine, sauti ikapanda, akamtaja mwenye mashine kwa jina la mnyama, Ansila akacheka. Sikuwahi kumsikia mkwe akiongea hivyo. Mbele yangu alikuwa salama tu.

Daktari alitoka ameshika kile kifaa. "Imeshuka," akasema. "Imeshuka chini kabisa. Nilimwambia akaze, ikapanda kidogo tu, ikarudi. Huyu mama hana msuli wa kupunguzwa. Ningemmaliza."

Hakukata kitu. Alifunga vinyama kwa vipete vya mpira, kimoja kwanza, kingine baada ya wiki kadhaa. Halafu akamfundisha kukaza: kana kwamba unazuia upepo, shika, hesabu mpaka tano, acha, pumzika, rudia, asubuhi, mchana na jioni. Ansila ndiye aliyekuwa anamsimamia kila akija. Mimi nilikuwa napita korido nikiangalia mbele. Damu ilikoma. Choo kilianza kusikia, si chote na si siku zote. Upepo bado unamponyoka mara nyingine, na kitenge cha akiba bado anabeba kwenye mkoba. Daktari alimwambia wazi kwamba kilichochanika siku nyingi hivyo hakirudi kuwa kipya.

Kwa hiyo ninyi wa chumba cha mwisho, sikieni. Pasheni vyombo joto. Msiamrishe. Swali la daktari mlipeleke kama lilivyo, hata likiwachoma ulimi, na kama hamwezi kulipeleka, mseme hamwezi. Na mkifungua pazia mkakuta kwenye benchi mtu mnayepaswa kumheshimu, mkwe, shangazi, mwalimu wenu, msisimame kichwani kwake kwa kujifanya mashujaa. Tokeni. Iteni Ansila. Mwili wa mtu haupimiki mbele ya mtu anayemwonea haya.

Miezi minne baadaye tulipanda basi la Kibondo, mimi na mkwe, kiti cha watu wawili, yeye dirishani. Njia ile mnaijua. Alikuwa anahesabu kimya kimya, niliona midomo yake, mpaka tano, anapumzika, anaanza tena. Basi liliposimama watu wachimbe dawa, alishuka akapanda kama wengine.

Nyumbani kwa Restituta walikuwa wametandika mikeka sebuleni. Mlangoni kabisa walikuwa wameweka mkeka mdogo na kitenge kilichokunjwa mara nne, kwa sababu familia nzima inajua bibi anakaa hapo. Mkwe akauangalia. Akanigeukia mbele ya watu wote, hakuinama, hakupiga viganja.

"Mkwe, hapo kaa wewe," akasema. "Mimi nimekaa hapo vya kutosha."

Akapita katikati ya wageni, akaketi karibu na mjukuu, akanyoosha miguu. Wageni waliingia saa nane, wakatoka saa kumi na mbili. Hakuamka. Mimi nilikaa mlangoni.